Mzee na pora: shajara ya majogoo wawili katika kundi moja

Mwezi wa kwanza

Kundi lina mitetea 22, jogoo mmoja mkubwa tunayemwita Mzee, na pora mmoja aliyeanguliwa humu humu bandani na kulelewa na mama yake katikati ya wenzake. Ninachotaka ni kuwaweka hawa wawili pamoja, mmoja akizeeka na mwingine akikua, bila yeyote kuumia vibaya na bila mitetea kuchakazwa. Pora ndiye mrithi. Lakini Mzee bado ana kazi, na sitaki aondoke kabla kazi hiyo haijapata wa kuipokea.

Mzee ameingia mwaka wa nne. Uwezo wa jogoo kurutubisha mayai hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwake nimeanza kuuona upungufu huo. Nikimulika mayai yaliyokwisha kuatamiwa wiki nzima, yanayobaki angavu bila mishipa ya damu ni mengi kuliko mwaka jana. Nilimkagua kwanza kwa mambo mengine: hana utitiri chini ya mkia, magamba ya miguu yamelala vizuri, hajanenepa kupita kiasi. Ni umri.

Kwa nini basi nisimtoe tu? Kwa sababu ya anayoyafanya mchana kutwa. Mwewe akipita juu, Mzee hutoa mlio mmoja mrefu na mwembamba, na mitetea wote hujibanza vichakani papo hapo. Paka akitokea ardhini mlio hubadilika kabisa, unakuwa mkali wa kukatakata, na mitetea husimama wima shingo juu wakitafuta alipo. Wanaochunguza tabia za kuku wamethibitisha kwamba milio hii miwili ni tofauti kweli, na kwamba kuku huielewa hata pasipo adui wa kumwona. Mzee akipata funza, humwokota na kumwangusha mara kadhaa huku akiita kwa sauti ya chini, ko-ko-ko, mpaka mtetea aje amle. Pora naye ameanza kuita hivyo, ila nikimsogelea nakuta mara nyingi mdomoni ana kijiti.

Kila ninayemweleza mpango huu hunijibu kwa mafahali wawili na zizi lao moja. Zizi likiwa dogo, ni kweli tupu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mradi huu ni kulipanua zizi.

Kuhusu idadi: kipimo cha kawaida ni jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi na wawili, kutegemea ukubwa na uchangamfu wa kuku wenyewe. Mitetea 22 wanatosha majogoo wawili. Wangekuwa kumi, nisingeanza.

Mwezi wa pili

Pora amewika. Sauti ilikuwa ya kukwaruza na ilikatikia njiani, lakini ni kuwika. Ana kama miezi minne, umri ambao wengi wao huanza. Upanga wa kichwani umekuwa mwekundu, ndevu zimeshuka, na kiunoni yameota manyoya membamba yenye ncha, yanayong'aa. Mitetea wa rika lake wana manyoya ya mviringo mahali hapohapo.

Siku hiyohiyo Mzee alimfukuza kwenye chombo cha chakula. Hatua chache tu, kisha akarudi kula. Niliacha iwe hivyo. Mpangilio wa nani humdonoa nani ulielezwa kwa mara ya kwanza na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtu aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni. Jambo la kushika ni kwamba kuku hukumbukana. Nafasi ya kila mmoja ikishajulikana, shingo iliyoinuliwa au hatua moja mbele hutosha, na aliye chini hupisha. Kufukuzwa hatua chache leo kunapunguza vita vya kesho, kwa hiyo mfugaji anayeingilia kila mara Mzee anapomtimua pora anauchelewesha mpangilio wenyewe.

Tena pora hashindani na Mzee peke yake. Anapaswa kwanza kuheshimiwa na mitetea wakubwa, na hao hawana haraka. Yuko mmoja mwekundu, mzito kuliko wote. Pora alimjia kwa ubavu, bawa moja limeshuka hadi linakwaruza udongo, miguu ikipiga hatua fupifupi za kumzunguka. Mtetea alimtazama mpaka alipomaliza nusu ya mzunguko, kisha akamdonoa mzizi wa upanga. Pora alirudi nyuma, akainamisha kichwa na kuanza kudonoa majani ambayo hakuyala. Ninaamini pora anayefundishwa adabu na mitetea wa namna hii huwa jogoo mpole zaidi kuliko yule aliyekuzwa na mapora wenzake tu, maana hao hawana wa kuwakatalia.

Wapo wanaoshauri pora atengwe mara tu anapowika na kurudishwa akikomaa. Silikubali hilo kwa kundi kama langu. Akirudi baada ya miezi atakuwa mgeni, mzito, mwenye nguvu zake zote, na Mzee atakuwa amezeeka zaidi. Akibaki, anakua akijua kwamba Mzee yuko juu yake, na ujuzi huo hudumu hata mwili wake unapompita Mzee kwa nguvu.

Kazi ya mwezi huu ilikuwa banda na uwanja, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ndipo mambo mengi huharibikia.

Jogoo aliyeshindwa huonyesha kushindwa kwa kukimbia na kutoonekana. Akikwama kwenye kona, kukimbia kwake hakuonekani, na mshindi huendelea kumpiga kama vile pambano halijaisha. Kwa hiyo nilianza na kona. Pembe za uwanja nimezikata kwa mbao zilizosimamishwa kimshazari, ili kuku anayefukuzwa ateleze kandokando ya ukuta badala ya kunasa. Banda sasa lina milango miwili midogo, mmoja kila upande, hivyo hakuna awezaye kuusimamia mmoja na kuwafungia wengine ndani. Uwanjani nimeegemeza mbao, nimeweka matawi makavu na pipa lililolazwa wazi pande zote mbili. Vitu hivi vinakata jicho, na jogoo asiyemwona mwenzake kwa muda husahau alichokuwa anakitaka kwake.

Vyombo vya chakula ni viwili, na vya maji viwili, vimewekwa mahali ambapo anayekula kimoja haoni kingine. Kuviweka vyote upande mmoja hakusaidii, maana Mzee huweza kuvilinda vyote. Fito za kulalia nazo ni za kimo kimoja, pande mbili za banda, kila kuku akipata sentimita 20 hadi 25. Fito moja ikiwa juu kuliko nyingine, kila jioni kutakuwa na ugomvi wa kuigombania.

Chakula pia nimekibadilisha. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi (kalsiamu) nyingi, karibu asilimia 4, na kiasi hicho huweza kuharibu figo za kuku anayekua. Majogoo hawakihitaji hata wakiwa wakubwa. Sasa wote wanakula chakula cha kukuzia, na mitetea wanapata maganda yaliyosagwa katika chombo cha pembeni. Wanajua wenyewe kiasi wanachohitaji.

Mwezi wa tatu

Miba ya nyuma ya miguu ya Mzee imerefuka na kujikunja kuelekea juu, na ncha zake ni kali. Ya pora bado ni vinundu tu. Kwa tofauti hiyo pambano la kawaida linaweza kumtoa pora jicho, kwa hiyo ilinibidi kuzipunguza ncha za Mzee kabla hawajakabiliana.

Hufanywa usiku, jogoo akiwa ametulia, amefungwa kwa taulo mabawa yabane. Mwiba wa jogoo kwa nje ni ganda gumu la aina ya kucha, lakini ndani yake kuna mfupa hai wenye damu. Ukikata karibu na mguu utamtoa damu nyingi na kumtia maumivu. Nilitumia tupa, nikasugua ncha tu mpaka ikawa butu na ya mviringo kama ncha ya kidole, nikaacha urefu uliobaki. Mzee alisinzia kwenye mguu wa pili.

Katikati ya mwezi ameanza kupukutisha manyoya. Hili ndilo nililokuwa naliogopa. Jogoo anapobadilisha manyoya, homoni zake za kiume hushuka, upanga hufifia na kunywea, hupanda mitetea mara chache au huacha kabisa, na manyoya mapya yanayochipua yana damu ndani yake na huuma yakiguswa. Hataki kupigana. Pora kwa upande wake ndiyo kwanza damu inachemka. Majogoo wengi wakubwa hupoteza nafasi zao kipindi hiki, na ni kipindi kibaya kwa sababu anayeshindwa hana hata manyoya ya kumkinga.

Nimegawa uwanja kwa wavu. Upande mmoja pora na mitetea vijana wanane, upande wa pili Mzee na waliobaki. Chini ya wavu nimepigilia mbao hadi usawa wa kifua cha jogoo, maana wavu mtupu huwafanya wapigane kupitia matundu na kuchana panga zao. Juu ya mbao wanaonana na kusikiana siku nzima. Nataka wasisahauliane.

Mwezi wa nne

Hakuna kubwa. Mzee anakula vizuri, nimemwongezea vyakula vya protini kwa ajili ya manyoya. Shingo imejaa kwanza, mkia bado ni vijiti. Pora anatembea kandokando ya wavu asubuhi, anageuza ubavu, anashusha bawa. Mzee hamtazami.

Upande wa pora mitetea vijana wanalalamika. Anawapanda bila kuwazunguka wala kuwaita kwanza, anawakimbilia tu kwa nyuma. Ni tabia ya ujana, na kwa kawaida hupoa akikaribia mwaka.

Mwezi wa tano

Mkia wa Mzee umetimia, upanga umerudi rangi, na ameanza tena kuwaita mitetea kwa funza. Wavu umeondoka.

Niliuondoa asubuhi, siku kavu, uwanjani, kabla ya kuku wengi kutoka. Ushauri wa kuwachanganya kuku usiku kwenye fito naufuata kwa mitetea, lakini kwa majogoo wanaopaswa kukamilisha jambo lao napendelea mwanga na nafasi. Wakiamka gizani ndani ya banda, wanapambana palepale ambapo hakuna pa kukimbilia. Chakula nilikitawanya uwanja mzima ili mitetea wasikusanyike mahali pamoja.

Pora alimfuata Mzee mwenyewe. Walisimama uso kwa uso, vichwa vimeshushwa, manyoya ya shingo yamesimama kama mwavuli. Mzee akaokota kitu kisichoonekana chini, pora naye akaokota, vichwa vikipanda na kushuka pamoja macho yasiachane. Kisha wakaruka kwa wakati mmoja, miguu mbele. Mara ya kwanza hakuna aliyegusa. Mara ya pili kifua kiligonga kifua. Mara ya tatu Mzee alitua juu, akamshika pora kisogoni kwa mdomo na kumkanyaga. Pora alijichomoa, akakimbia nyuma ya pipa, na Mzee akamfuata hadi penye pipa akasimama hapo. Hakuzunguka kumtafuta. Alipiga mabawa, akawika.

Nilikuwa karibu na taulo mkononi. Mipaka yangu ya kuingilia niliiweka mapema: damu inayotiririka, mmoja kushindwa kusimama, jicho kuguswa, au aliyeshindwa kuendelea kupigwa baada ya kuinama. Nje ya hapo siwaachanishi. Pambano linalokatizwa huanza upya siku inayofuata tangu mwanzo, na majogoo huchoka na kuumia zaidi kwa mapambano matano yasiyomalizika kuliko kwa moja lililofika mwisho.

Pora alipata mpasuko mdogo wa upanga. Panga za kuku hutoa damu nyingi kwa jeraha dogo, na kuku hudonoa chochote chekundu, kwa hiyo nilimtoa hadi pakauke. Niliosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nikabana kwa kitambaa safi mpaka damu ikakata, nikamweka kwenye tundu mahali anapoonekana na wote. Hakukaa sana. Aliporudi, Mzee alimjia kwa ubavu na bawa limeshuka, pora akainama na kupisha. Tangu hapo wanafukuzana, hawapigani.

Mwezi wa sita

Sina haja ya kukaa uwanjani kujua nani yuko juu. Nasikiliza alfajiri. Watafiti wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba kuwika kwa alfajiri kunaongozwa na saa ya ndani ya mwili wa jogoo, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Mwaka 2015, wakiwa na mwenzao, wakaonyesha kwamba katika kundi jogoo aliye juu ndiye huwika kwanza na wengine hufuata kwa ngazi zao. Aliye juu akiondolewa, wa pili huchukua zamu ya kwanza. Hapa kwangu Mzee huanza, kwa sauti nzito na fupi, pora hufuata. Asubuhi nitakayosikia kinyume chake, nitakwenda bandani na tochi kabla ya kufungua mlango.

Lakini majogoo wenyewe si kipimo changu kikuu. Kipimo ni migongo ya mitetea. Majogoo wawili wanaoelewana vizuri kabisa wanaweza kulichosha kundi kwa kupanda kupita kiasi, na mfugaji anayefurahia amani yao asilione hilo mpaka ngozi imechanika.

Ninawakagua usiku wakiwa kwenye fito. Naanza na kisogo, ambapo jogoo hushika kwa mdomo, kisha mgongo, kisha naingiza mkono chini ya mabawa na kufunua ubavu. Hapa chini ya mabawa ndipo wengi hawafiki. Miguu ya jogoo huteleza anapopanda na mwiba au kucha hupasua ubavu, nao hufunikwa na manyoya. Mtetea hutembea na kula kama kawaida huku kidonda kinaoza na nzi wanataga ndani yake.

Wengi wako salama. Mtetea mmoja mdogo wa kijivu, anayechuchumaa upesi kila jogoo anapokaribia, mgongo wake umebaki na mashina ya manyoya tu. Majogoo wote wawili wanampenda huyo. Nimemshonea kitambaa kigumu cha kufunika mgongo, chenye mikanda inayopita chini ya mabawa, na ninakivua mara kwa mara kuangalia utitiri, maana hupenda kujificha chini yake. Mashina yaliyovunjika hayakui mpaka atakapobadilisha manyoya. Nikiona wa pili na wa tatu wamekuwa hivyo, nitarudisha wavu bila kusubiri.

Pora ameanza kubadilika. Anashusha bawa kabla ya kupanda, na juzi alimwita mtetea kwa panzi wa kweli, akamwachia. Mzee alikuwa mbali upande wa pili. Majogoo sasa wamegawana uwanja wenyewe: Mzee anakaa na mitetea wakubwa karibu na banda, pora na vijana wanatembea kwenye matawi na kurudi jioni.

Mwezi wa saba

Mayai yamulikwayo yana uhai zaidi. Sijui mangapi ni ya pora, na ninataka kujua, kwa sababu pora akiwa mrithi lazima nithibitishe kwamba anarutubisha.

Kuna jambo linalofanya hesabu hii kuwa ngumu. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, katika vijifuko vidogo ndani ya njia ya yai, na anaweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili hadi tatu baada ya kupandwa. Zaidi ya hayo, Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha mwaka 2000, kwa kuku walioachwa waishi huru, kwamba mtetea akipandwa na jogoo wa chini huweza kuzitoa mbegu zake nje baada tu ya kupandwa. Kwa maneno mengine, kumwona pora anapanda hakunihakikishii kitu.

Kwa hiyo narudisha wavu, safari hii kwa sababu ya mayai. Upande wa pora nimeweka mitetea sita wasio na undugu wa karibu naye. Mama yake na waliototolewa naye wako kwa Mzee. Mayai ya wiki tatu za kwanza ni ya kula tu. Yatakayofuata yatawekwa alama ya penseli na kukaa mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba chini, yasizidi siku saba kabla ya kuatamishwa.

Kuhusu Mzee, nampima kila ninapowakagua mitetea. Naupapasa mfupa wa kidari: ukichongoka kuliko ulivyokuwa, hali yake si nzuri hata kama manyoya yanadanganya. Naangalia kama anashinda kwenye fito mchana, na kama bado anawaita wenzake kwenye chakula. Siku pora atakapompita, Mzee hatabaki kupigwa kila asubuhi. Atahamia upande mdogo wa uwanja pamoja na mitetea wakubwa watatu au wanne waliozoeana naye, na mlinzi wa uwanja mkubwa atakuwa pora, ambaye jana alitoa ule mlio mrefu wa mwewe kwa mara ya kwanza na mitetea wakamtii. Mwewe alikuwepo kweli.

Mtetea mwekundu ameacha kutaga na amekaa kwenye kiota, amejivimbisha, hataki kuguswa. Nimemwekea mayai ya mbao ayaatamie hadi yale ya pora yatakapokuwa tayari.